Babu wa Penseli

Kisumu, Ijumaa, saa kumi jioni

Akoth mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nyumba imebaki na mimi, begi lako la bluu karibu na mlango, na karatasi hizi. Nina saa mbili, pengine tatu, kabla hujarudi. Sitazitumia kukuambia uchemshe maji au ulale ndani ya neti. Mama Perpetua amekwisha kukuambia hayo mara nne, na mara ya nne nilikuona ukihesabu misumari ya dari.

Watu wananiuliza kwa nini uliomba wewe mwenyewe upelekwe Lodwar, wakati muuguzi kama wewe angepata kazi hapa hapa Kisumu. Mimi huwajibu kwamba vijana wanapenda kuona nchi. Najua si hivyo. Umechagua mbali kwa sababu ya yale yaliyotokea humu ndani miaka miwili iliyopita, siku wazee wa Omondi walipokuja kukuposa. Tangu siku ile kuna jambo ninalolijua na wewe hulijui. Nalisema sasa, kabla sijapata maneno ya kulipamba: wewe na Omondi hamna undugu. Hamkuwa nao siku ile, na mimi nilijua.

Sina haki ya kukuomba usome kilichobaki, lakini nakuomba.

Unajua nilikozaliwa, kwenye kambi ya wakata mkonge nje ya Tanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwa kuwa majirani zetu walitoka kila upande. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Dholuo yangu nilijifunza ukubwani, na watoto wa kijiji cha Pap Onditi walikuwa wakiniiga kisha wanakimbia wakicheka. Babu yako Ogola alifia pale kambini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza sisi ni watu wa wapi, akasema, "Wa ziwani." Nilipomuuliza baba yake aliitwa nani, alikohoa, akatoka nje kwenda kutazama mbuzi. Hatukuwa na mbuzi.

Basi nilifika Kisumu nikiwa kijana mwenye jina moja tu la kuonyesha. Nikapata kazi ya kujalidi vitabu, na pamoja na vitabu zikaletwa rejista kuukuu za makanisa na za shule, zilizofumuka nyuzi. Nilizishona, na katika kuzishona nilizisoma. Mtu asiye na watu akishinda kutwa na majina ya watu wengine, huanza kutafuta lake.

Ulikuwa na miaka kama kumi tulipoanza zile Jumamosi zetu. Tulikuwa watatu: Mama Perpetua, mkunga mstaafu wa Awasi; Wafula, mtu wa Bungoma, karani wa zamani wa reli, aliyekuwa akimtafuta ndugu wa babu yake aliyepotea vitani; na mimi, waliyeniita Fundi. Tulikaa nyuma ya hoteli moja karibu na soko la Kibuye, chai na mandazi mezani, madaftari magotini. Tulijiita Wafukunyuzi. Wengine walikuwa na mpira, sisi tulikuwa na marehemu.

Kazi ile ilizaa maneno yake, na wewe uliyajua kabla hujajua hesabu za kugawanya. Mstari wa ukoo ukikatika tuliita kisiki. Mzee ambaye ukimwanzisha hanyamazi alikuwa redio, na anayejua lakini hataki kusema alikuwa redio bila betri. Mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili kwa majina mawili tulimwita pacha wa karani. Wafula alidai amewaua mapacha kumi na tatu, na alijivuna kama mwindaji. Nyumba yenye akina Otieno watano tuliita matope, kwa kuwa ukiingia hutoki na viatu vyote viwili. Na lile ulilolipenda kuliko yote, kikohozi: unapouliza habari za mtu fulani, na mzee anakohoa bila kuumwa. Hapo tuliandika K pembeni mwa daftari, tukajua pana kitu.

Siku moja mchungaji alikuja kwetu kula, na mama yako, kwa wema wake, akamuuliza mbona siku hizi hamwoni mkewe kanisani. Mchungaji akakohoa. Ukainua uso kutoka kwenye sahani: "Baba, andika K!" Mama yako alikufinya chini ya meza, kisha akaenda jikoni, na sote tulimsikia akichekea ndani ya leso. Huwa narudi kwenye siku ile mara nyingi. Ndiyo siku ninayomwona vizuri zaidi.

Kulikuwa na neno moja ambalo hukulijali sana, babu wa penseli. Huyu ni mtu unayemkisia. Miaka inaelekeana, mahali panaelekeana, lakini huna hakika kama ni wako. Unamweka kwenye mchoro wa ukoo kwa penseli, ili uone wengine watakaaje akiwapo. Mama Perpetua alikuwa na sheria yake. "Babu wa penseli halali kwako," alisema. "Mpe kiti, mpe chai, halafu jioni arudi kwao."

Wangu alikuwa Owiti wa Pap Onditi. Nilimpata kwa redio mmoja sokoni, aliyeniambia kwamba Owiti alikuwa na mtoto wa kiume, Okelo, aliyekwenda kwenye mkonge na hakurudi. Baba yangu alikuwa kwenye mkonge. Miaka ilikaribiana. Jina tu ndilo lililokataa, kwa kuwa baba aliitwa Ogola. Lakini wakata mkonge wengi walibadili majina, nami nilijua hilo kwa kukaa nao.

"Fundi," Wafula akaniambia, "huyu Owiti amekukaa kama koti la mtumba."

"Mabega yanatosha," nikamjibu.

"Na mikono?" akauliza Mama Perpetua. "Nyoosha mikono tuone. Mtu kuitwa Okelo na mtu kuitwa Ogola, hiyo ni mikono mifupi, omera, ndugu yangu. Acha kwa penseli."

Nikaacha kwa penseli. Owiti alikaa hivyo miaka miwili, rangi ya kijivu, juu ya jina la baba yangu.

Halafu mama yako akafa. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa jikoni na wanawake, kwa hiyo hukusikia yaliyosemwa sebuleni. Wajomba zako walifika kutoka Awasi, na mkubwa wao hakukaa kitini.

"Shemeji, tunamzika wapi dada yetu?"

Nikasema mji una makaburi yake.

"Kama mtu aliyeokotwa barabarani?" Hakupaza sauti, nami ningependa angepaza. "Dada yetu alikuwa na mume. Mume hana kwao?"

Wewe umekulia kwetu huku na hujawahi kuhitaji kuelezwa swali lile. Mke huzikwa kwenye boma la mumewe. Mwanamume asiye na boma la kumzika mkewe anakuwa amemwoa kwa hila. Nilikwenda chumbani, nikaufungua mchoro juu ya kitanda alichokuwa amelala mama yako wiki moja kabla, nikachukua kalamu ya wino na kupita juu ya jina la Owiti, herufi moja baada ya nyingine. Wino haukutoka nje ya mstari. Nilikuwa fundi.

Kesho yake nilikwenda Pap Onditi nikiwa mjukuu. Mzee Nyangweso, mtoto mwingine wa Owiti, alinipokea uani akaninyang'anya mfuko nilioubeba, ili nisionekane kama mgeni. Mjane wa Owiti alikuwa bado hai, macho yake yamekwisha. Alinishika uso kwa viganja viwili, muda mrefu, kisha akauliza, "Okelo alikula vizuri huko?"

Nikasema alikula vizuri.

Mama yako akazikwa pale, kwa nyimbo na kwa watu wengi, na wajomba zako wakaondoka wametulia. Wewe ukaanza kuitwa Nyar Pap Onditi, binti wa Pap Onditi, na nilikuona ukijinyoosha kila ulipoitwa hivyo. Jumamosi iliyofuata Mama Perpetua aliniuliza, mbele ya chai yake, "Fundi, ushahidi umeupata wapi?" Nikakohoa. Wafula akageuza uso akatazama soko. Hakuna aliyeandika K.

Nataka uelewe jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi. Sikusema moyoni kwamba nimedanganya. Nilisema nimempitishia Owiti wino, nikatabasamu kidogo, kwa kuwa lilikuwa neno letu na lilikuwa na utani ndani yake. Maneno yale tuliyatunga ili wafu wasituogopeshe. Kwangu yalifanya kazi zaidi ya hiyo. Yalinifanya nisimwone Okelo kama mtu aliyewahi kuwa na mama. Huko wodini nanyi mtakuwa na maneno yenu kwa wagonjwa wenu, na mtacheka, na ni lazima mcheke. Mimi nilipaswa kushtuka siku nilipoona nacheka peke yangu.

Miaka minne baada ya mazishi ilikuja barua kutoka Tanga. Zamani, katika siku zangu za penseli, nilikuwa nimemwandikia mnyapara mmoja mzee aliyemjua baba. Alichukua miaka yote ile kujibu, au kumpata wa kumwandikia. Alisema alimfahamu vizuri Okelo mwana wa Owiti. Alikufa kwa homa akiwa kijana, hajaoa, na yeye mnyapara alikuwa miongoni mwa waliomzika. Ogola alifika kambini mwaka mmoja baadaye kwa njia ya Musoma, na hakuna aliyejua ametoka kwa nani, kwa sababu hakupenda kuulizwa.

Niliisoma mara moja. Kisha nikaibandika ndani ya jalada la daftari letu la ukoo, chini ya karatasi ya ndani, na nikapiga gundi vizuri pasionekane mkunjo. Nilijiambia haimdhuru mtu. Mama yako alikuwa amelala mahali pake. Bibi kizee naye alikuwa amekufa akiamini ameacha mtoto wa Okelo duniani.

Halafu ukamleta Omondi.

Nilimpenda, Akoth. Nilipenda alivyokubishia. Nilipenda kwamba mwalimu mzima wa Katito aliona haya kula mbele yangu. Wazee wake walipokuja, baba yake mkubwa alitangulia kuuliza mambo ya ukoo, kama inavyofanywa kabla ya chakula, na mimi kwa majivuno nikamwonyesha mchoro uliokuwa kwenye fremu ukutani. Alivaa miwani, akaufuata kwa kidole.

"Huyu Owiti ni yupi?"

"Wa Pap Onditi," nikasema.

"Yule mwenye binti aliyeolewa Katito?"

"Huyo huyo."

Akavua miwani. "Binti huyo ni mama yangu mzazi."

Omondi alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho. "Baba mkubwa, kweli?"

"Nyamaza. Bibi yako na babu wa msichana huyu ni kaka na dada. Mnataka kuoana watoto wa nyumba moja?" Kisha akawageukia wenzake. "Simameni. Tushukuru hatujala chakula."

Hukumtazama Omondi. Ulinitazama mimi. "Baba," ukasema, "wewe ndiye unayejua mambo haya. Hakuna njia?"

Chumba kizima kikaningoja. Daftari lilikuwa juu ya kabati, hatua tatu kutoka nilipokaa, na barua ilikuwa ndani ya jalada lake. Nikasema, "Wino ndio huo, mwanangu."

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa kuwa yalipita kwenye mwili wako. Walisema mmekwisha kuwa pamoja, kwa hiyo chira, laana ya kuvunja mwiko, itawafuata msipotakaswa. Mzee wa kanisa na mzee wa dawa walikubaliana katika hilo bila ugomvi. Mkanyweshwa manyasi, dawa ya kutakasa, kwenye kibuyu kimoja, mbele ya watu, na mkaambiwa mwondoke kwa njia mbili bila kugeuka. Hukugeuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na niliona shingo yako ilivyokaza. Usiku na mchana tangu siku ile umejiona kama mtu aliyetenda kitu kichafu bila kujua. Hukutenda kitu. Dawa ile ilikuwa yangu kuinywa.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Niliogopa wangemfukua mama yako, au wangemwacha pale kama mgeni aliyesahauliwa. Hilo ni kweli, na kwa miezi mingi nililishikilia. Lakini si lote. Nilikuwa nimengoja miaka hamsini mtu aninyang'anye mfuko uani kwa kuwa mimi si mgeni. Siku ile ilibidi nichague, na nilijichagua mimi, kisha nikalitaja jina la mama yako kama sababu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimtumia yeye.

Ulipoleta karatasi ya Lodwar na kuiweka mezani bila neno, nilijua nimebakiza siku chache. Jumatatu nilichana jalada kwa kisu cha kazi. Barua ya mnyapara utaikuta pamoja na hii. Jumanne nilikwenda Pap Onditi.

Mzee Nyangweso alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo ikiwa kati ya magoti. Nilidhani angenipiga nayo, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo ndugu yangu alikufa kijana," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mama alikushika uso."

"Ndiyo."

Aliwatazama kuku wakiingia chini ya kiti chake. "Mkeo atalala hapo. Tulimlilia kwa machozi yetu, hatufukui mtu. Makaburi ya hapa wanawake wetu huyafyeka Desemba, na lake litafyekwa." Akainuka kwa taabu. "Wewe, Barnaba, usije tena. Siku yako ikifika, wakutafutie mahali pengine."

Nilimwuliza kama mtoto wangu anaweza kuja kumwona mama yake. "Msichana ana kosa gani?" akasema. Basi unaweza kwenda, Akoth. Ukienda utapokelewa.

Kutoka pale nilishukia Katito. Omondi yuko shule ile ile, katika nyumba ile ile ya walimu, na hajaoa. Nilimkuta akisahihisha madaftari. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakunipa kiti, na nilipomaliza aliendelea kusahihisha daftari alilokuwa nalo, akaandika alama chini, akalifunga.

"Akoth anajua?"

"Bado."

"Umeniambia mimi kwanza?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Mzee, hata sasa?"

Alikuwa na haki. Ndiyo sababu nimekaa hapa na kalamu wakati huu, badala ya kungoja ujasiri wa kukuambia kwa mdomo, ambao ningeungoja mpaka basi liondoke.

Nilipofika mlangoni aliniuliza unasafiri lini na utakuwa kituo gani huko Lodwar. Sikumwambia. Nilitaka kumwambia. Nilitaka sana, nilijiona nikilitengeneza jambo kwa sentensi moja na kurudi Kisumu nikiwa mtu mwema. Lakini nilikwisha kukuamulia mara moja. Kama unataka ajue, anwani yake unayo. Kama hutaki, nitalitunza hilo pia, na sitakuuliza.

Sikuombi unisamehe kesho asubuhi, mbele ya abiria. Panda basi. Ukinipungia mkono, nitakuwa upande wa kushoto karibu na wauza karanga. Usiponipungia, nitakuwa hapo hapo.

Mimi baba yako,
Barnaba, mwana wa Ogola. Zaidi ya Ogola sijui.